Nimetunza daftari la droo 416. Kuna namba "yenye moto", au najidanganya?

MtunzaDaftari

Wakuu, salaam. Naomba nisichekwe. Au chekeni kwanza, halafu mnijibu.

Nacheza bahati nasibu ya kuchagua namba 6 kati ya 49. Droo ni mbili kwa wiki, nami nakata tiketi moja tu kila droo, kwa namba zile zile tangu siku ya kwanza: 4, 11, 17, 19, 26, 30. Nne ni tarehe aliyozaliwa kifunguamimba wangu. 11 ni siku ya ndoa. 17 ni ya marehemu mama, 19 mtoto wa pili, 26 kitindamimba, na 30 ni mimi mwenyewe. Niliona nikiweka ukoo mzima kwenye tiketi moja, bahati haitakosa mlango wa kuingilia.

Leo ni miaka minne kamili. Nina kaunta buku ambalo nimeandika kila droo, na mbele ya kila droo nimeandika nilipata namba ngapi. Jana usiku nimekaa kujumlisha. Katika droo 416:

sikupata hata moja: mara 183
moja: mara 170
mbili: mara 54
tatu: mara 8
nne: mara 1

Tano na sita hazijawahi. Ile nne ilinipa zawadi ndogo niliyoimaliza kabla ya wiki kuisha, lakini iliniharibu akili kwa miezi, kwa sababu niliona "nimekaribia".

Sasa maswali. Kwanza, namba zenyewe. Katika daftari langu 38 imetoka mara 66, na 45 imetoka mara 37 tu. Tofauti hiyo si ndogo. Nihamie 38 kwa kuwa ina moto, au 45 kwa kuwa inadaiwa? Pili, kuna faida kuiachia mashine ichague badala ya kuchagua mwenyewe?

La tatu ndilo linaloniuma. Siwezi kuruka droo. Mwaka juzi nililazwa siku tatu, nikafanyiwa upasuaji mdogo. Nilipozinduka, neno la kwanza nililomwambia mke wangu lilikuwa, "Umenikatia tiketi?" Hakujibu. Alinitazama tu, akainuka kwenda kumwita muuguzi. Namba zangu nazijua kwa moyo, na najua siku nitakayoacha ndiyo siku zitakapotoka zote sita. Nifanyeje?

---

Kibubu88

Mkuu, jibu unalo mkononi na unatuuliza sisi. 38! Mashine ni chuma, na chuma kina tabia. Ni kama gari lililopinda ekseli: ukiachia usukani linavuta upande ule ule. Mimi kila mwisho wa mwezi nachukua sita za juu, mwezi unaofuata nacheza hizo tu. Tatu nimezipata mara kadhaa.

---

TaratibuTu

Kibubu unampoteza mwenzako. Inayotakiwa ni 45. Namba zote zina haki sawa, si ndiyo? Basi iliyochelewa lazima irudi kufidia siku zake. Mimi nacheza zilizolala tu. Subira inalipa.

---

Kibubu88

Imeshakulipa ngapi?

---

TaratibuTu

Nimesema subira.

---

MwalimuMstaafu

Nimefundisha hisabati miaka 31, na huyu ndiye mtu wa kwanza kuniletea takwimu zilizokamilika bila kulazimishwa. MtunzaDaftari, hongera. Sikucheki.

Nianze na jedwali lako. Mchezo wa 6 kati ya 49 una michanganyiko 13,983,816. Humo ndani, michanganyiko ambayo ingekupa namba tatu barabara ni 246,820, yaani nafasi moja katika kila 57 hivi. Ya nne ni 13,545, nafasi moja katika 1,032. Ya tano ni 258. Ya sita ni mmoja, wa kwako. Sasa gawanya droo zako 416 kwa uwiano huo. Mtu yeyote anayecheza seti yoyote angetarajia kukosa kabisa mara 181, kupata moja mara 172, mbili mara 55, tatu mara 7, na angekuwa na nafasi kama moja kwa tatu ya kuwahi kuona nne.

Wewe una 183, 170, 54, 8 na 1. Ningeweza kukuandikia daftari hilo kabla hujalinunua, nikakosea kwa mistari michache tu. Tarehe za ukoo wako hazikukusaidia, ila hazikukudhuru pia. Na ile nne haikuwa "kukaribia". Aliyepata nne leo hana nafasi kubwa zaidi kesho kuliko aliyekosa zote. Mchezo huu hauna ngazi za kupanda.

Sasa 38 na 45. Katika droo 416 kila namba inatarajiwa kutoka mara 51. Inatarajiwa tu, hailazimiki. Mtawanyiko wa kawaida hapo ni kama 7 juu au chini, na unapokuwa na namba 49, ni jambo la kawaida kabisa mbili tatu kuruka mpaka mara mbili ya hapo. Kwa hiyo kati ya 49, aliyetangulia kuwa na sitini na kitu na aliyebaki nyuma kuwa na thelathini na kitu ndivyo inavyotakiwa iwe. Kama zote zingetoka mara 51 sawasawa, hapo ningekwambia mtafute anayechezea mashine.

Fanya hivi, wewe ni mtu wa vitendo. Kata vipande 49 vya karatasi, viandike, vitie kwenye kopo. Toa sita, andika, virudishe, tikisa. Rudia mpaka uchoke. Utapata "zenye moto" na "zinazodaiwa" kutoka kwenye kopo ulilolitengeneza mwenyewe, na utajua kwamba kopo halina kisasi na mtu.

Mmegundua kwamba Kibubu na Taratibu wanasoma daftari moja, wanatoa ushauri unaopingana, na kila mmoja ana uhakika? Mipira haijui kusoma daftari. Italia waliwahi kuumia kwa mtindo wa Taratibu. Kwenye bahati nasibu yao, namba 53 ya gurudumu la Venice, yaani droo ya mji huo, haikutoka kuanzia Mei 2003, ikapita droo 182. Kadiri ilivyochelewa ndivyo watu walivyozidi kuiwekea, "zamu hii lazima", wengine mpaka akiba za nyumba, na taifa zima likamwaga mabilioni ya euro juu ya namba moja. Ilitoka tarehe 9 Februari 2005. Ilitoka kwa sababu ilitoka.

Kuhusu chuma kuwa na tabia: Kibubu hakukosea kabisa. Mashine ikiwa na kasoro, takwimu zingeweza kuiona. Ndiyo maana wachezeshaji makini hupima mipira uzito na kubadilisha seti za mipira na mashine, mara nyingine dakika chache kabla ya droo. Mwaka 1980 kule Pennsylvania, Marekani, kwenye mchezo wa tarakimu tatu, mipira ilichezewa kweli. Waliingiza rangi kwa sindano ndani ya mipira yote isipokuwa yenye 4 na 6, ili ile mizito isipande juu. Ikatoka 666. Walikamatwa kwa sababu kulikuwa na watu walionunua kwa wingi ile michanganyiko minane tu ya 4 na 6. Ni wizi uliotembea mbele ya kamera, na hakuna daftari la mtu mwema lililoutabiri.

Umeuliza pia habari ya mashine kuchagua. Hapa ndipo kuna kitu kimoja cha kweli katika biashara hii nzima, na watu wengi hawakitaki kwa sababu hakina utamu.

Huwezi kubadilisha nafasi ya namba zako kutoka. Unachoweza kubadilisha ni idadi ya watu utakaogawana nao zikitoka. Kitita kikuu kwenye michezo mingi hugawanywa kwa washindi. Sasa tazama namba zako: zote ziko chini ya 32, kwa sababu mwezi hauna tarehe 32. Si wewe peke yako mwenye watoto. Watu chungu nzima huchagua tarehe, kwa hiyo droo ikitoa sita za chini ya 32, wenye kudai huwa wengi. Na droo za namna hiyo ni kama moja katika 19 tu.

Uingereza, tarehe 14 Januari 1995, zilitoka 7, 17, 23, 32, 38, 42. Kitita kilikuwa zaidi ya pauni milioni 16. Walijitokeza washindi 133, kila mmoja akapata pauni 122,510. Jaribu kumfikiria mtu aliyepiga kelele usiku ule akadhani ana milioni 16 peke yake. Sababu inayotajwa zaidi ni kwamba namba zile zilikaa katikati ya karatasi ya kuchagulia, na mkono wa binadamu hupenda katikati. Afrika Kusini nayo, tarehe 1 Desemba 2020, ilitoa 5, 6, 7, 8, 9 na mpira wa ziada 10. Watu walipiga kelele kwamba ni wizi, ukaanza uchunguzi. Lakini washindi walikuwa 20, yaani watu 20 walikuwa tayari wamezicheza namba hizo kwa mfululizo, na wakagawana.

Hapo hapo nitoe na kosa la upande wa pili. Wengi hukwepa namba zinazofuatana, kama 22 na 23, wakidhani haziwezi kutoka pamoja. Katika 6 kati ya 49, karibu nusu ya droo zote huwa na angalau jozi moja inayofuatana. Fungua daftari lako uhesabu, utakuta kama mia mbili. Kwa hiyo tiketi "mbaya kwa macho", yenye namba kubwa, jozi inayofuatana, isiyochora umbo wala kubeba tarehe, ina nafasi ile ile ya kutoka na watu wachache wa kugawana nao. Mashine ikikuchagulia inakukaribisha hapo bila jasho. Faida yote ndiyo hiyo, na unaila tu ukishashinda. Nafasi ya kushinda ni moja katika karibu milioni 14. Kwa droo mbili kwa wiki ni mara moja kila miaka laki moja na thelathini na nne elfu, takriban.

Swali la tatu nitalirudia. Si la hisabati, linahitaji chai kwanza.

---

Nimeungua

Kabla Mwalimu hajarudi, niseme langu, maana naona MtunzaDaftari yuko kwenye hatua niliyokuwa mimi kabla ya kupigwa.

Kuna mtu alinitumia ujumbe akisema ana "namba za uhakika", ametoa wiki iliyopita watu wamepata nne. Akanipa na mashahidi. Nikaongea nao kwa simu, watu halisi, mmoja alilia kwa furaha. Nikalipa. Namba zikaja. Hola. Akasema kifurushi cha juu ndicho chenye namba za kweli. Nikalipa tena. Mara tatu jumla, ya tatu nilikopa.

Baadaye sana ndipo nilipoelewa alivyofanya, na Mwalimu amenithibitishia hapo juu bila kujua. Nne ni nafasi moja katika 1,032, siyo? Basi jamaa anatuma namba tofauti kwa watu elfu moja, kila mtu seti yake. Kwa bahati tupu, mmoja wao atapata nne, na kama 17 au 18 watapata tatu. Hao ndio mashahidi! Hawakudanganya, nao wamedanganywa. Sisi wengine mia tisa na ushee tunanyamaza kwa aibu, kila mmoja anadhani ni yeye peke yake mwenye mkosi.

Na ule wa pili mnaujua, wa "umeshinda bahati nasibu, lipa ada tukutumie zawadi". Ulikata tiketi lini? Mimi huo sikuingia, lakini msinisifu, nilikuwa sina hela tena.

---

MtunzaDaftari

Pole sana ndugu yangu. Nimehesabu jozi zinazofuatana kama alivyosema Mwalimu. Ni 209 kati ya 416. Nimekaa kimya dakika kumi nikilitazama daftari kama limenisaliti.

Lakini Mwalimu, nisaidie hapa. Kuna mtindo wanauita gurudumu: unachagua namba kama 8 au 9, halafu unacheza michanganyiko yake yote. Nao ni kazi bure? Na nimesikia kuna watu walinunua michanganyiko YOTE wakashinda. Ni kweli au ni hadithi za vijiweni?

---

MwalimuMstaafu

Gurudumu si uongo. Ni kununua tiketi nyingi kwa mpangilio. Namba 8 zina michanganyiko 28 ya sita sita, namba 9 zina 84, namba 10 zina 210. Ukicheza 84 nafasi yako ya kitita ni 84 katika milioni 14, sawa kabisa na kununua tiketi 84 za ovyo. Kinachobadilika ni kwamba zawadi ndogo zitakuja kwa mafungu, ama nyingi kwa pamoja ama hakuna. Mwaka 2023 wanahisabati wawili wa Chuo Kikuu cha Manchester walionyesha kwamba katika mchezo wa 6 kati ya 59, tiketi 27 zilizopangwa vizuri zinakuhakikishia angalau tiketi moja yenye namba mbili. Ni hisabati nzuri mno, nilipoisoma nilitabasamu siku nzima. Lakini namba mbili katika mchezo ule zinakupa tiketi nyingine ya bure, basi.

Kununua yote ni kweli. Stefan Mandel, mzaliwa wa Romania aliyehamia Australia, ndiye jina lake. Virginia, Marekani, mwaka 1992: mchezo ulikuwa 6 kati ya 44, michanganyiko 7,059,052, tiketi dola moja, na kitita kilikuwa kimelimbikizana mpaka dola milioni 27. Ona hesabu: gharama ya kuzoa yote ni milioni 7, mezani kuna 27. Kikundi chake kilikuwa na wawekezaji wengi na tiketi zilizochapwa mapema kwa mashine. Hata hivyo muda uliwaishia wakiwa na kama milioni 5. Wakabaki wanaomba Mungu kama wewe na mimi. Ikawatokea. Kanuni zikabadilishwa sehemu nyingi ili asije mwingine.

Ninaowapenda zaidi ni Jerry na Marge Selbee, wazee wenzangu wa Michigan, Marekani. Kulikuwa na mchezo ambao kitita kikifika kiwango fulani bila mshindi, fedha hushushwa kwa waliopata namba chache. Mzee akasoma kipeperushi cha mchezo, akaona kwamba katika wiki hizo tiketi ina thamani kuliko bei yake. Mchezo wa Michigan ulipofungwa wakahamia ule wa Massachusetts, wakawa wanaendesha gari kutoka jimbo hadi jimbo, wanasimama siku nzima kwenye mashine wakichapa tiketi, jioni wanazipanga chumbani na kuzikagua moja moja kwa macho. Faida yao kwa miaka yote ilifika kama dola milioni 7 na robo tatu hivi kabla ya kodi, na mchezo ulifungwa 2012. Vijana wa chuo kikuu cha MIT nao waliuona mwanya huo huo.

Sasa tafuta katika hadithi hizo mbili mtu aliyetabiri namba. Hayupo. Walisoma kanuni, wakapata wiki ambayo hesabu ilimwegemea mnunuzi, wakaingia na mtaji wa kununua maelfu kwa maelfu. Wiki ya kawaida, kwenye bahati nasibu nyingi za taifa, karibu nusu ya fedha ya tiketi ndiyo hurudi kama zawadi. Kwa tiketi moja moja, mwanya wa Selbee ungekufaa kidogo sana hata ungeuona.

Na usidhani kitita kikipanda mpaka watu wakapiga foleni ndipo mwanya umefunguka. Wengine nao wamekiona. Marekani, Oktoba 2015, mchezo wa Powerball ulibadilisha mipira yake, nafasi ikatoka moja katika milioni 175 ikawa moja katika 292,201,338. Kikawa kigumu kushinda, kwa hiyo kinalimbikizana, kwa hiyo kinavutia. Januari 2016 kilivuka dola bilioni moja na nusu, tiketi tatu zikagawana. Waliobadilisha kanuni walijua hesabu kuliko wanunuzi.

---

DadaMwekaHazina

Jamani mmezungumza nafasi, mimi nizungumze watu, maana kucheza kwa kikundi kunaongeza tiketi bila kuongeza gharama ya mtu mmoja, na hakuna aliyekitaja.

Tulikuwa tisa kazini. Mimi nilikuwa nakusanya mchango kila Ijumaa na kukata tiketi tisa. Miezi saba hakuna neno. Wiki moja kaka mmoja, namheshimu hadi leo, alikuwa safari na hakutoa. Nikakata nane. Moja ikatoa namba tano.

Aliporudi akasema yeye ni mwanakikundi, safari haimtoi mtu kwenye kikundi. Wenzake wakasema hakutoa, hana chake. Yeye akasema mara mbili huko nyuma mimi nilimlipia dada mwingine aliyesahau na hakuna aliyelalamika, ambayo ilikuwa kweli tupu. Mimi sasa ndiye mchawi wa pande zote. Zawadi yenyewe ukigawa kwa nane au kwa tisa, tofauti haikuwa kitu cha kuvunja urafiki. Na ulivunjika. Nilimpa sehemu yangu mimi, akakataa. Tulikaa mwaka mzima ofisi moja tukisalimiana kwa kichwa.

Kwa hiyo ndugu yangu ukiamua kikundi: andikeni. Nani yumo droo HII, si "huwa yumo". Asiyetoa kabla ya saa fulani hayumo, na hakuna kumlipia mtu kwa huruma bila kuandika kwamba ni mkopo. Piga picha tiketi zote, watumie wote KABLA ya droo, siyo baada. Tiketi yako binafsi usiichanganye na za kikundi kwenye pochi moja, hata kama una roho ya malaika, kwa sababu itakayoshinda wataitilia shaka. Na saini nyuma ya tiketi: sehemu nyingi, tiketi isiyo na jina ni ya aliyeishika.

---

TaratibuTu

Dada umenikumbusha watu wangu. Mwalimu, nimekubali kuhusu 53 ya Italia. Ila 45 mimi naendelea nayo, nimeshaizoea.

---

MwalimuMstaafu

Endelea nayo, Taratibu. Haina kosa, na iko juu ya 31.

MtunzaDaftari, la tatu. Nimekunywa chai.

Wewe hulipii nafasi ya kushinda tena. Nafasi hiyo uliilipia miezi ya mwanzo. Sasa unalipa bima, kila wiki mara mbili, dhidi ya maumivu ya kuziona namba za mama yako na watoto wako kwenye skrini siku ambayo hukukata. Na bima hiyo ni ghali kwa sababu ajali yenyewe karibu haipo: uwezekano kwamba zitatoka hasa siku utakayoacha ni ule ule mmoja katika milioni 14, haukungojei mlangoni. Lakini najua kukwambia hivyo hakusaidii. Mke wangu anaogopa mjusi na anajua kabisa mjusi haumi.

Kinachokufunga ni kuzijua namba. Anayechaguliwa na mashine akiruka wiki hana cha kujutia, kwa sababu hajui angepewa nini. Kwa hiyo kama unataka kuendelea kucheza kwa burudani, cheza ya mashine, na ukikosa itupe bila kuiandika. Kama unataka kuacha, acha na kuangalia matokeo siku hiyo hiyo, vyote viwili kwa pamoja. Ukiacha kukata ukabaki unaangalia, hutamaliza mwezi. Mwombe mtu wa nyumbani akusaidie. Na kama umewahi kukata tiketi kwa fedha iliyokuwa na kazi nyingine, au umewahi kumficha mkeo, hilo tulizungumze na mtu anayelijua jambo hilo, si mwalimu wa hesabu.

---

MtunzaDaftari

Nimerudi, ni siku kumi na mbili.

Kumficha, hapana. Alikuwa anajua, alikuwa amechoka tu. Nilimsomea maneno ya Mwalimu kuhusu bima akaniambia, "Mwulize na mimi nilikuwa nalipa nini siku ile pale wodini." Sijui nimjibu nini, nawaachia.

Kopo nimelitengeneza. Kitindamimba, yule wa 26, ndiye aliyekuwa anatoa karatasi, mimi naandika kwenye kurasa za nyuma za kaunta buku. Tumefanya mara 120 kwa jioni nne. Namba "yenye moto" ya kopo letu ni 2, imetoka mara 23 wakati ilitakiwa kama 15. Mtoto ameanza kuipenda. Ananiuliza kama anaweza kuicheza. Nimelificha kopo.

Jumamosi sikukata. Saa ya droo ilipokaribia nilitoka nje nikaanza kuosha baiskeli ambayo ilikuwa safi. Simu nilimwachia binti mkubwa, yule wa 4, nikamwambia aangalie akitaka ila mimi asiniambie. Niliporudi ndani nikamkuta anacheka peke yake. Nikamuuliza unacheka nini, akasema hakuna kitu baba.

Mpaka leo hajasema. Kila tukikutana korido anacheka. Kibubu, usinitumie matokeo.